Majina Elfu Ishirini

Mwaka 1976, hapa Likasi, bwana yangu Lambert alikuwa anaandika programu za ordinateur, ile mashini ya kompyuta, kwa kampani ya migodi. Mwenzake wa bureau alikuwa mwanamuke, Hortense. Alisoma kwenye shule kubwa ya Mulungwishi, alivaa saa ya mukono, na Lambert alimutaja kila tukila bukari. Minye niliishia mwaka wa tatu wa primaire.

Walipewa orodha ya watoto elfu ishirini wa wafanyakazi, wa kugawiwa unga. Kila mutoto, mashini ingemulinganisha na wote waliotangulia, sababu watu waliandikisha mutoto mara mbili, kwa baba na kwa mujomba. Programu ile, walikuwa wameandika mwanzo wake tu. Majina mia yalichukua dakika moja. Lambert akasema elfu ishirini ni dakika mia mbili. Hortense akabisha: wajaribu kwanza mia mbili. Lambert akarudi na kasirani. Jumatatu angeahidi dakika zile mia mbili mbele ya chef, mukubwa wao wa kazi, na akikosea, cheo chake kingeenda kwa Hortense.

Nilifurahi kwamba wamegombana.

Jumapili nilienda kwa wamama wa kanisa. Kwetu, anayeingia anapana mukono kwa wote waliokaa. Tukiwa kumi ni mbio. Siku ile tulifika arobaini, na saa ya maombi ikaisha tungali kwenye salamu. Hapo nikaelewa: hata majina yale, kila moja linasalimia yote yaliyotangulia; yule Hortense iko na haki. Roho iliniuma. Ningenyamaza, lakini akilini nilimuona Hortense akimusahihisha bwana yangu mbele ya watu. Hapana. Kama ni kumuokoa, nitamuokoa minye.

"Papa Urbain," nikamwambia Lambert mezani, kwa jina la mutoto wetu, "mutoto wa kumi anasalimia wangapi?"

"Tisa."

"Na wa mia mbili?"

Akaacha tonge mukononi. "Mia na tisini na tisa." Kisha akaniangalia. "Hortense alipita hapa?"

"Weye, kila akili ya mji huu ni ya Hortense?"

Asubuhi alijaribu majina mia mbili: dakika ine, si mbili. Kwa elfu ishirini, karibu mwezi muzima. Akamwambia chef njia ile haifai, inapaswa kubadilishwa mapema. Chef akamusifu, akamuachia cheo chake, akampa miezi mitatu ya kuanza upya.

Lambert alirudi anacheka. Miezi mitatu, yeye na Hortense, kwenye bureau ya peke yao, mulango umefungwa ili wasisumbuliwe.

Nikamuongezea sombe kwenye sahani. Nikauliza kama hiyo bureau iko na dirisha.