Oili Niliyoiacha Alvani

...na bado wanapekua mizigo yao, pekueni basi, fungueni mpaka mifuko ya suruali, mimi nimekaa hapa nyuma ya usukani, injini inanguruma, na Shangazi Pikria kule nyuma hanyamazi, “Kuna mtu kapakia nguruwe humu! Elizbar, gari lako lini limewahi kulia hivi?”, halijawahi, kweli, limeanza leo, mluzi mwembamba chini ya miguu yangu tangu mtoni, halafu kona ya mwisho kabla ya kilele gia ya pili ikachomoka yenyewe, tukarudi nyuma hatua kama tatu huku bonde likitungoja, wote wakapiga kelele, nikakanyaga breki, nikairudisha gia kwa nguvu, nikalikokota mpaka hapa juu penye tambarare, nikasema tusimame kidogo lipumue, hilo tu, nguruwe sikumtaja, ni wao, na nani awalaumu, sisi Watushi hatupandishi nguruwe wala nyama yake huku mlimani, nilijua mwiko huo kabla sijajua kuvaa viatu, anayeuvunja huleta maafa njiani, haya, lakini giaboksi kavu haina dini wala mwiko... Eteri alinionyesha doa uani kwetu Alvani, mke wangu huyo, macho yake hayakosi kitu, jeusi, pana kama sinia, “Elizbar, gari linavuja,” nikamwambia gari zee ni kama mbwa mzee, hukojoa popote, nikacheka peke yangu, yeye akaenda kutandika boksi pale chini zege lisichafuke... asubuhi moja tu! kufungua kizibo, kutia kidole, kuona oili imeshuka wapi, na kidole kingetoka kikavu, nilijua kingetoka kikavu, ndiyo maana sikukitia, mjinga mimi, barabara imefunguliwa juzi baada ya theluji, kila dereva yuko mbioni, nikajiambia nitaongeza nikirudi, nikirudi! kana kwamba meno ya gia yatanisubiri... “Hii nini, Melano? Hii nini, mwanangu?”, sauti ndogo, bi harusi wa Vepkhia, wa Tbilisi, mara yake ya kwanza kupanda kwa wakwe, “Soseji ya nguruwe tu, shangazi, mama alinifungia ya njiani, sikujua...”, “Hukujua! Ungetuua sote!”, na Vepkhia, badala ya kumkinga mkewe, “Si nilikwambia, Melano? Sikukwambia?”, msichana analia, namwona kwenye kioo, kajifunika uso kwa mtandio, na mimi, Mungu anisamehe, nimeshusha pumzi, nimeona raha, mkosaji amepatikana na si mimi, mkuki kwa nguruwe, eti, uzee wote huu na mvi zote hizi najificha nyuma ya soseji ya mtoto wa watu, nina hasira, nina hasira na Eteri kwa kuwa alisema kweli, na Pikria kwa mdomo wake, na kidole changu hiki safi... harufu ya chuma kilichoungua inaingia mpaka ndani na hakuna anayeisikia, Shangazi ameshuka, ameitupa soseji bondeni, amepiga ishara ya msalaba mara tatu, amerudi anacheka, “Haya, limekwisha! Tupeleke nyumbani, dereva,” na wote wamekaa, hata Vepkhia ametulia, wameshatupa woga wao bondeni, hakuna anayeogopa tena isipokuwa mimi, na mbele ni mteremko mtupu, gia ya pili ndiyo inayolishika gari kule, ikichomoka tena zimebaki breki tu, na breki kwenye kona zile hazifiki kona ya tano, saba tuko humu... “Elizbar, umelala?” sijalala, shangazi, natafuta maneno, nilidhani kazi yangu ni kuwafikisha kijijini Omalo, kumbe kwanza ni kuwashusha, washuke na mizigo yao, watembee, wanitukane njia nzima, mtandio bado uko usoni pake, nitaanza na jina lake, mbele ya wote, Melano, si soseji yako, binti yangu, ni mimi.