Karatasi ya Jenerali Lambrecq

Mwaka 1953 Hakorimana alishuka hadi Mpofi kumwambia Symphorien kwamba Jenerali Lambrecq anamwita aende Karuba. Wote wawili walipigana Abisinia chini ya Mbelgiji huyo, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kufuga ng'ombe huko milimani, na Hakorimana akiwa mchungaji wake. Symphorien aliuliza anaitiwa nini. Mwenzake akajibu kuwa ni mazungumzo ya vita tu, lakini macho yake yalikuwa pembeni. Agathe, mkewe Symphorien, aliyaona hayo macho na hakuyapenda.

Siku nne za njia Symphorien alijichunguza makosa. Labda wamegundua blanketi la jeshi ambalo hakulirudisha. Labda kuna vita vingine.

Jenerali aliwapokea kwa chai ya maziwa, akawapa viti. Hapo shaka ikamzidi Symphorien, kwa kuwa hajawahi kuona mzungu akimpa askari wake kiti bure. Mzee alisimulia maisha yake: alianza vita akiwa kapiteni, Abisinia akawa meja, Misri kanali, na amani ilipokuja alikuwa jenerali. Nishani yake kubwa alipewa kwa ule mto waliouvuka chini ya risasi. Sasa anaandika kitabu, na anataka mashahidi waweke kidole kwenye karatasi.

Kidole cha Hakorimana kilikuwa kimeshawekwa.

Jenerali hakujua kwamba baada ya vita mapadri walimfundisha Symphorien kusoma Kifaransa. Alisoma polepole, mstari kwa mstari, kisha akairudisha karatasi mezani.

"Mon général, hapa wanaandika kama weye njo ulivuka wa kwanza. Wa kwanza alikuwa sarja Karangwa, na maji ilimubeba."

Hakorimana aliinamisha kichwa. Jenerali hakukasirika, aliuliza taratibu, "Uko na hakika, kaporali?"

"Mimi njo nilikuwa nashika kamba yake."

Mzee aliitia karatasi kwenye saraka, akaifunga kwa ufunguo, akasema chai inapoa. Wakati wa kuondoka Hakorimana alimsindikiza Symphorien hadi kwenye ua wa ng'ombe, akamwonyesha mtamba mweusi ambaye alisema ni wake. Symphorien hakuuliza alimpataje.

Mwaka mzima, kila gari lililosimama Mpofi lilimkimbiza Symphorien nyuma ya nyumba, akangoja hadi liondoke. Agathe alimwambia angeweka tu kidole, yaishe. Alimjibu kwamba Karangwa alikuwa na mama. Hakuna aliyekuja kumkamata.

Mwaka 1955 padri alileta habari kwamba Jenerali amefia Ulaya na amezikwa kwa heshima za mizinga. Symphorien aliuliza kama kitabu kilitoka. Padri alisema kilitoka, kinene, ila yeye hajakifungua.