Mguu wa Eilert

Shemeji yangu Tjark ana mdomo, na siku ile aliuleta mpaka kwenye meza yangu ya chai.

"Shemeji, niachie na hiyo pikipiki yako nami nikuuzie," alisema, huku akijitilia sukari yangu bila kuuliza. "Ya marehemu kaka niliiuza, iliondoka vizuri. Na namba yako inaisha leo, unangoja nini?"

Kuhusu namba alisema kweli. Pikipiki yangu ina namba ya msimu, inaruhusiwa barabarani kuanzia Machi mpaka mwisho wa Oktoba, na ile ilikuwa siku ya mwisho. Lakini mume wangu Eilert hata mwaka hajamaliza kaburini, huyu anauza tu! Nilitamani kummwagia chai.

"Sitaki kuzika tena," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Umewahi kuendesha peke yako, hata mara moja?"

Hapo alinishika pabaya. Sikuwahi. Maisha yangu yote ya pikipiki nilimfuata Eilert. Sisi waendesha pikipiki tuna desturi: anayetangulia akiona hatari chini, ananyoosha mguu upande ule ili wa nyuma akwepe. Tope, mguu. Majani yaliyolowa, mguu. Kwa hiyo mimi barabara sikuijua. Nilichokijua ni buti la Eilert.

"Haya, tukubaliane," nikasema. "Nakwenda mpaka mkahawani kwa Frauke kule kivukoni, nakula sukuma na soseji, nafunga msimu kama tulivyoufunga kila mwaka. Nikianguka, ichukue bure. Nikirudi mzima, sitaki kusikia tena habari ya kuuza."

"Wewe mbishi kuliko punda."

"Punda hana shemeji kama wewe. Ondoka nivae."

Nilitoka polepole, maana matairi yenye baridi hayashiki lami. Jua la alasiri lilikuwa chini, linanipiga machoni. Kwenye njia ya mfereji mialoni ilikuwa imemwaga majani yake yote barabarani, yameloa, yanateleza kama sabuni. Nikajikuta nangojea mguu. Nani anyooshe? Mbele hapakuwa na mtu. Nikapunguza mwendo, nikaiweka pikipiki wima, breki sikuigusa. Nikavuka.

Nikaanza kujisifu, na hapo ndipo kona ya shamba la mahindi iliponikuta. Matrekta yalikuwa yakivuna tangu asubuhi na yameacha tope lami nzima. Nililiona nikiwa juu yake tayari. Tairi la mbele likateleza, mkono ukataka kubana breki. Mungu alisaidia, haukubana. Pikipiki ikayumba, ikayumba tena, ikanyooka.

Nikasimama kando. Nikawatukana wenye matrekta. Kisha nikamtukana Eilert, kwa sauti kabisa, kwa kufa na kuniacha na kona hii. Nikalia humo humo ndani ya helmeti hadi kioo kikajaa ukungu, sioni mbele wala nyuma.

Frauke alikuwa hana habari. "Karibu, mama! Mzee anaegesha?"

"Mzee hayupo tena, Frauke. Niko mwenyewe."

Maskini, aliniletea sahani iliyojaa, soseji mbili juu ya haki yangu, na hakutaka nilipe. Sukuma ya kwake ni tamu kuliko zote pwani hii. Siku ile ilipita kooni kama majani makavu.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa mgongoni. Sasa niliitazama barabara yenyewe, kila kipande chake, na ile kona nikaijua kabla sijafika. Nilikuwa nimeshapunguza. Tope lile pale, zito zaidi upande wa kulia. Na mguu wangu wa kulia ukanyooka wenyewe, vidole vikielekea chini, sawasawa kama alivyokuwa akifanya yeye.

Nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Kulikuwa na mwanga wa jua tu, mkali, haonekani mtu.

Nilifika nyumbani salama. Hata sijavua glovu, gari la Tjark likaingia uani, limejaa tope mpaka milangoni.

"Ulinifuata!"

"Ningefanyaje? Nikae kwako nile biskuti?" Alisimama akizungusha ufunguo mkononi. "Shemeji, pale kwenye mahindi. Ulinyoosha mguu. Ulikuwa unamwonyesha nani?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Ana pua ya kaka yake, sijui kwa nini sikuwahi kuiona. Ningemwambiaje kwamba nilitazama kwenye kile kioo nikimtafuta Eilert?

"Wewe, mjinga wewe. Si ulikuwa nyuma yangu?"

Akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Asante," akasema. "Nilikwepa."

Akaingia kwenye gari lake akaenda zake, na pikipiki hakuitaja. Nikaisukuma hadi bandani, nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa kando yake gizani mpaka injini ikapoa.