Chupa Namba Moja

Kabla glasi haijanifika mdomoni nilijua chupa namba tatu imeguswa. Mwezi mmoja kabla ya hapo wiski ile ilinuka moshi wa jiko la kukaushia samaki, na chumvi, na lami, hadi ukiinuka mezani unaondoka nayo nguoni. Jumamosi ile, saa tisa alasiri, moshi wenyewe ulikuwa wa kutafuta.

Nikamtazama mdogo wangu Jerónimo. Yeye ni mtunza stoo wa hoteli, ndiye aliyetumiminia, na alikuwa ameshakunywa. Kwetu Mueda anayemimina hunywa kwanza mbele ya wageni, kutoa uchawi, ndipo wengine washike glasi. Mama yetu alipika nipa, pombe kali ya mabibo, miaka ishirini, na hakuna mgeni aliyeionja kabla yake. Jerónimo alikuwa ametoa uchawi kwa funda moja kubwa, akajipangusa midomo, akatabasamu.

"Msinywe," nikasema.

Senhor Osvaldo, mwenye hoteli, akaiweka glasi chini. Ndiye aliyenitoa jikoni akanikalisha kwenye meza yake ya kuonjea, baada ya kuona pua yangu haibabaishwi. Wiski anazozipenda ni za wafanyabiashara wa Uskoti wasio na kiwanda. Wananunua pipa moja moja kwa wenye viwanda, wanalitia chupani lilivyo, bila kulichanganya wala kulitia maji au rangi, na namba ya pipa wanaiandika kwenye karatasi ya chupa. Tulikuwa na chupa tatu za mapipa matatu ya kuhukumu. Tuliyaonja siku chupa zilipofunguliwa, na sasa tunayarudia, maana hewa hubadilisha wiski. Moja lingeagizwa kwa ajili ya wageni wa hoteli.

Hakimu wa tatu alikuwa Anuar, mwenye duka la jirani, ambaye hajatia tone la pombe mdomoni tangu azaliwe. "Mimi nanusa tu," husema. "Pua haikuharamishwa." Tunamtania sana kwa hilo, lakini pua yake ni kali kuliko ya Osvaldo, na Osvaldo analijua.

"Moshi umepungua nusu," Anuar akasema. "Mtu katia maji humu."

Laiti yangekuwa maji. Niliitikisa chupa nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Wiski kali ya pipa ikitikiswa hutoa vipovu vinavyokaa juu kitambo. Ikitiwa maji, vinapasuka papo hapo. Vipovu vilikaa. Haikuwa nipa pia, nipa ningeitambua hata usingizini. Basi kilichotiwa kilikuwa kikali, na hakikuwa na harufu ya kujitambulisha.

"Jerónimo, umejazia nini?"

"Sijajazia kitu, mana." Ndivyo anavyoniita, dada kwa Kireno.

"Jerónimo."

Akamtazama bosi wake, akatazama sakafu. Ana miaka thelathini na miwili na mabinti wawili huko Mueda, lakini akikosea uso wake ni uleule wa utotoni. "Nilikuwa naonja jioni, kidogo kidogo. Leo asubuhi nikaona imeshuka sana. Maji ungeyajua tu, mana, wewe mwenyewe ulinifundisha mambo ya vipovu. Nikatia álcool. Safi, haina hata rangi."

"Umeitoa wapi?"

Akaenda karakana ya jenereta akarudi na kidumu cha buluu. Fundi mmoja alikiacha alipohama, akamwambia ni álcool puro, spiriti safi. Kwenye kifuniko palikuwa na neno la wino mzito lililofutika nusu. Nikalisoma mara mbili, nikitumaini kwamba nimelisoma vibaya. Metanol.

Nililijua neno hilo. Nilipofanya kazi kwenye jiko la kambi ya wafanyakazi wa gesi walitukalisha semina ya usalama siku nzima. Hii ni dawa ya mitambo, walituambia, inanuka kama pombe na inalewesha kama pombe, halafu kesho yake mtu anaamka haoni. Wengine hawaamki. Mila yetu ilitungwa kwa sumu zinazomwangusha mtu palepale mbele ya wageni. Hii inasubiri, na mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yangu mzima kabisa, akiniuliza kuna nini.

Nilimpigia simu nesi Hafsa wa kituo cha afya. Nikamweleza alichokunywa, nikamsomea neno la kwenye kifuniko.

"Dawa yake hapa hatuna," akasema. "Lazima aende hospitali kubwa."

"Nimpeleke sasa hivi?"

"Kwa njia gani? Barabara imefungwa kwa ajili ya vita mpaka msafara wa wanajeshi wa kesho asubuhi. Nisikilize, Verónica. Pombe ya kweli huizuia ile mbaya isifanye kazi. Mpe kidogo sasa hivi, mimi nakuja kumpimia kiasi cha kuendelea nacho, na kesho nitasafiri naye. Lakini iwe safi. Ukimwongezea ileile, umemmaliza. Una pombe safi?"

Nikaitazama meza. Baa ilikuwa tupu tangu Jumatano, malori yamekwama Awasse, na nipa ya mtaani nani ajuaye imetiwa nini. Zilibaki namba moja na namba mbili, na zote mbili zilikuwa zimelala mwezi mzima katika stoo ya Jerónimo.

"Hizi sikuzigusa," akasema. Sasa alikuwa ameelewa. "Naapa, mana."

Dakika kumi nyuma alikuwa ameniambia hajajazia kitu.

Nikaanza na namba mbili. Zabibu kavu zilikuwepo, lakini karafuu niliyoiandika mwezi uliopita sikuipata. Labda ni hewa, labda ni mkono wa mtu. Nikaisukuma kando. Nikamimina namba moja. Metanol yenyewe siwezi kuinusa. Ninachoweza ni kujua kama kuna kilichopungua. Asali ilikuwepo. Ndizi kavu pia. Nta ya nyuki sikuipata, na hofu ilikuwa imenikausha pua. Nikatoka nje, nikanusa kiganja changu ili pua itulie, nikarudi. Hapo nta ikaja, nyuma kabisa, nyembamba.

"Anuar?"

Alinusa muda mrefu, macho kayafumba. "Kwangu imetimia," akasema. "Lakini usiniapishe."

Nilimimina glasi nikampa Jerónimo. Akaishika kwa mikono miwili, ikamgonga meno, akairudisha mezani. "Siwezi. Naogopa, mana. Na hii je, kama nayo…"

Hata mimi niliogopa, kuliko siku tulipokimbia mji kwa sababu ya vita. Nikaichukua glasi nikanywa mimi kwanza, yote, kama mama. Haikuthibitisha kitu, na sote wawili tulilijua hilo. Kama nimekosea, nimekosea kwa wote wawili.

Nikamimina nyingine nikamsogezea. Akanywa.