Sarafu ya Mwaka Ambao Haujafika

Niliongea na ukuta mpaka maharage ya ungo mzima yakaisha kupukuchuliwa.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba yetu hapa Masaka, pembeni mwa Kigali, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa jiko. Jua la saa saba lilikuwa limesimama juu ya migomba. Ndani ya jiko, nilivyojua mimi, mwanangu Conrad alikuwa anakula. Nilikuwa nimesikia mlango ukigonga, nikasema moyoni, amefika. Sikuinuka. Kwetu mtu akila hakodolewi macho. Chakula ni siri ya mtu na sahani yake. Ndiyo maana Conrad, motari, dereva wa pikipiki wa kubeba abiria mpaka Remera, hakula barabarani hata siku moja. Alirudi nyumbani.

Tena tulikuwa tumenuniana, wiki ya tatu hiyo.

Chanzo ni pikipiki ya baba yake. Marehemu Castory aliinunua mwaka tuliojenga nyumba hii, na ilikohoa kama mzee wa tumbaku. Ikianza tu kukata kona kule chini kwenye robine, bomba la maji la mtaa, mimi huyo jikoni kupasha mboga. Miaka yote hiyo sikuhitaji saa. Na ikichelewa kukohoa nilijua pia: naweka jembe chini, nasimama njiani.

Conrad akaipeleka kwenye kampuni, wakampa ya umeme. Akaja nayo kimya kama paka, akanigusa bega shambani, nikaruka.

"We mtoto! Umetokea wapi?"

"Nimefika zamani, Mama. Hii haisemi. Haina moshi, hainywi petroli."

"Na ile ya baba yako?"

Akaangalia chini. "Wanaivunja, wauze vyuma."

Hakuniuliza. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hakuniuliza.

Akatoa sarafu mfukoni, akanipa kwa mikono miwili. Kila motari aliyeacha petroli alipewa moja siku ya sherehe. Ilikuwa nzito, baridi, inang'aa. Upande mmoja wamechora pikipiki inayotoa majani mahali pa moshi. Upande wa pili jina la Kigali na mwaka, 2050. Darasa la nne nililoishia linanitosha kusoma tarakimu. Kuelewa, halikunitosha. Kesho yake nikampelekea Usumani wa dukani anipe chumvi. Akaigeuzageuza, akacheka mpaka akashika meza.

"Mukecuru wangu, hii hata benki haiijui! Chumvi chukua, utalipa. Hii katunze."

Kuitwa bibi kizee mbele ya wateja, na sarafu mkononi kama mtoto! Nikarudi nimefura.

"Pesa yako hainunui hata chumvi," nikamwambia Conrad.

"Si ya kununulia, Mama. Ni ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini? Mwaka wenyewe haujafika. Watu wanakumbuka yaliyopita."

"Basi ukifika, mji wote ukiwa umeacha petroli kama walivyoahidi, nitakuletea hii pale utakapokuwa umelala. Nitakuambia kama mji umenyamaza kweli." Akacheka.

Mimi sikucheka. Niliiweka dirishani, nikaanza kimya changu.

Mchana ule wa maharage kimya kilinichosha. Nikaona afadhali niseme akiwa ndani na mimi nje, macho yasikutane.

"Conrad, we kula tu, usinijibu. Ile pikipiki hata baba yako angeiuza. Ilimtesa, asubuhi aliisukuma mpaka kwenye robine ndipo iwake. Mimi nilikuwa namsikiliza yeye ndani yake, basi. Hukunikosea kitu, mwanangu. Jumapili nipakie, unipeleke Niboye kwa dada yako, nikione hicho kimya chako."

Hakujibu. Nikasema, ana adabu, hajibu na chakula mdomoni. Nikaongeza na mengine, ya utoto wake, ya ndizi alizoiba kwa jirani akazificha mpaka zikaoza. Nilikuwa nacheka peke yangu Dominic, motari mwenzake, alipotokea kwenye migomba. Alikuja kwa miguu. Mkononi kofia ngumu ya Conrad.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na Conrad. Anakula."

Akakaa chini palepale, kwenye maganda ya maharage, mtu mzima na suruali yake safi.

Fuso la mchanga lilikatika breki kwenye mteremko. Saa tano. Saa tano mimi nilikuwa hata sijabandika sufuria. Nilipoingia jikoni sahani ilikuwa imefunikwa vilevile, na mlango unachezewa na upepo.

Wapo waliosema pikipiki ile ndiyo mbaya. Siilaumu. Fuso lingeua yeyote aliyekuwa pale. Ila ile ya zamani, kimya chake kingeniambia.

Siku ya kumzika, kule makaburi ya Rusororo, wenzake walikuja wengi, wote na za umeme. Sikusikia hata moja. Niligeuka tu nikaona barabara imejaa nyuma yangu mpaka kule juu, na vumbi halijatimka.

Binti yangu Yvonne alitaka sarafu iingie kwenye jeneza. Nilikataa. Nikampa mtoto wake, Careen, aliye darasa la kwanza. Amepiga hesabu kwa vidole, vikaisha, akaazima vyangu: mwaka ule atakuwa mama mzima. Nimemwonyesha njia ya kaburini, kona kwa kona. Kuna mtu pale anasubiri kuambiwa.

Pikipiki zinapita hapa nje siku hizi kama vivuli. Nami nikitaka kumwambia mtu neno, hata likiwa dogo, natua ungo kwanza, nazunguka nyumba, nachungulia jikoni nimwone. Hata kama anakula.