Mlolongo wa Mama Mable

Diwani Thadeus alikuwa na kijicho, tena kile kisichojua kujificha. Miaka nenda miaka rudi alidai maji ya kijiji chake cha Marungu kwenye baraza, akarudishwa na ahadi na soda. Kisha Jedidah, mama yake Mable, asiyechaguliwa na yeyote kwa lolote, akakusanya wanawake wakaenda Voi, wakapindua madebe yao matupu mlangoni pa ofisi ya maji, wakayakalia. Hawakutukana mtu. Walisuka vikapu tu, mpaka wakubwa wakachoka kuwaruka. Kabla ya mvua, bomba likafika.

Watu walimpigia Jedidah vigelegele. Iliuma, jamani!

"Nani aliwachagua nyinyi?" Thadeus alimfokea pale bombani. "Mimi nina kura. Wewe una nini?"

"Nina debe, Mheshimiwa."

Wanawake waliangua kicheko. Thadeus akaenda moja kwa moja kwa chifu, akasema kikundi kile kinachochea wananchi. Kikanyimwa kibali cha kukutana.

Ukaja uchaguzi wa mlolongo, mwaka wa themanini na nane. Hakuna karatasi, hakuna siri: unasimama nyuma ya mtu wako na jirani anakuona. Uwanjani pa shule, mstari wa mpinzani wake Nzomo, mchuuzi wa ng'ombe, ulizidi kurefuka. Nyuma ya Thadeus walikuwapo mkewe na mashemeji tu. Wanawake wa madebe walisimama kando, macho kwa Jedidah. Thadeus naye akajikuta anamtazama, na hilo lilimchoma zaidi.

Jedidah akakaza leso, akavuka uwanja, akajipenyeza mbele ya mashemeji, akasimama nyuma ya Thadeus. Wanawake wakafuata, na waume wakafuata wake zao. Mlolongo ukafika vyooni.

"Mama Mable," alinong'ona bila kugeuka, "si niliwanyima kibali?"

"Ulitunyima. Lakini Nzomo hajali nani anasifiwa. Wewe ukiona mwingine anasifiwa, hulali. Sasa tunataka zahanati. Jumatatu tunakuja kukalia mlango wako, labda utapenda kutuwahi."

Alitangazwa mshindi. Watu wakambeba mabegani, na huko juu, na kura zake zote, akamwonea Jedidah kijicho kuliko siku zote. Maana walipotaka kujua wampeleke wapi, walimuuliza Jedidah.