Mfuko wa Mwalimu wa Sita

Mimi na mwenyekiti wetu tunatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, tena mwembamba, kwa hiyo akipiga chafya mimi ndiye ninayemwambia afya. Yeye anaongoza ushirika wa akina mama kanisani kwetu. Kwa jinsi alivyonyooka katika mambo ya watu tulimpa jina la Rula, na nadhani analijua. Mimi ni fundi cherehani, na mdomo ninao, sikatai. Ila siku nitakayosema Rula amekula cha mtu, nifungieni nje ya kanisa. Tatizo lake lilikuwa jingine kabisa.

Ule ugonjwa ulipoingia, shule ya kanisa ilifungwa, na walimu wakabaki bila mshahara kwa sababu ada zilikuwa haziji. Kanisa nalo likafungwa. Sisi wachache wa ushirika tukawa tunakutana uani kwangu, kila mmoja na kigoda chake mbali na mwenzake, tukipayuka kama viziwi kwa ajili ya barakoa. Hapo ndipo alipotujia mkwe wake Rula, mke wa mwanawe, anayefundisha hesabu darasa la saba. Alisema watoto watasahau kila kitu kabla ya mtihani, na juu ya mnara wa kanisa kuna spika zinazoshika kutu bure.

"Kwa hiyo siku hizi tuhubiriwe hesabu?" nikamchokoza.

"Mama mdogo, hata Mungu alihesabu siku alipoumba dunia," akanijibu. Nilicheka mpaka kigoda kikalia.

Mchungaji alikubali, na asubuhi moja mtaa mzima ukaamshwa na sehemu na desimali. Walimu wote wakapokezana zamu. Watoto walikaa vizingitini na madaftari magotini, na wasio na daftari wakaandika milangoni kwa mkaa. Wakubwa nao wakanogewa. Kinyozi wa hapa jirani alikuwa akibishana na wateja juu ya robo tatu huku ameshika wembe. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, jibu likitajwa tu, mabibi waliitikia, "Amina!"

Ushirika ukachukua jukumu la kuwalisha walimu. Kila nyumba ilitoa ilichojaliwa: unga, maharage, mafuta, sabuni. Tulifungasha kwenye meza ninayokatia vitambaa, kisha mimi na Rula tukapita nyumba kwa nyumba. Walimu wetu ni sita. Mifuko iliyokuwa mezani ilikuwa mitano.

"Na wa mkwe wako?" niliuliza.

"Unataka watu waseme nagawa sadaka nyumbani kwangu? Yule atakula ninachokula mimi."

"Lakini anafundisha kama wenzake. Na mcheza kwao hutunzwa."

"Atatunzwa na Mungu. Funga hiyo mifuko twende."

Nikafunga. Ni vigumu kubishana na mtu anayejinyima mwenyewe, maana kusema kweli alijinyima. Mwanawe ni dereva wa lori, na alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka tangu mipaka ifungwe. Kupitia ukuta ule nilisikia sufuria yao ikikwanguliwa mapema mno, hata watu wawili hawajashiba. Tungewapa mfuko, hakuna ambaye angenung'unika. Lakini Rula alikuwa radhi kufa na tai shingoni, na mkwe wake afe naye.

Mwezi uliofuata ikawa vilevile, na mwingine pia. Tena binti wa watu alikuja kutusaidia kupima unga wa wenzake. Anapima, anajikung'uta mikono, anaaga. Wiki moja alibaki nyuma tukikunja magunia.

"Mama mdogo, Jumamosi narudi kwetu. Baba mkubwa ana duka, atanipa kazi."

"Na mumeo anasemaje?"

"Anasema nizungumze na mama yake." Akacheka kicheko kisicho na raha. "Nimwambie nini? Kwamba naulilia mfuko wa unga? Tafadhali, usimwambie."

Nikamwahidi sitasema, mimi mwenye mdomo. Nikanyamaza siku zote zile, na kunyamaza kulinichoma kama kiungulia.

Ijumaa alifundisha vizuri kuliko siku zote. Alipomaliza, spika zikasema, "Wanafunzi wangu, leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Mtapata mwalimu mwingine, mumheshimu." Nikaacha cherehani. Upande wa pili wa ukuta ndoo ilianguka, kisha nikamwona Rula akipita mlangoni kwangu mbio, povu mpaka kwenye viwiko, kichwa wazi, barakoa hana. Haikupita muda, mtaa mzima ukasikia kwenye spika mlango wa ofisi ya kanisa, walikofundishia walimu, ukibamizwa.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, subiri kwanza..."

"Nakuuliza unakwenda wapi! Nimekukosea nini? Tonge langu nakumegea, godoro zuri unalala wewe..."

"Mama, maiki iko wazi."

"Achana na maiki! Nijibu!"

Spika zilikoroma kidogo. Swichi ilikuwa mbele ya mkwe, angeweza kuizima. Hakuizima.

"Siondoki kwa sababu ya njaa, Mama. Njaa tunalala nayo wote. Lakini wenzangu wote umewafuata hadi mlangoni. Umewapigia hodi, umewaambia asante, mwalimu. Mimi hujaniambia hata siku moja."

Kinyozi alisimama na kitana mkononi. Watoto hawakutikisika vizingitini.

"Mimi nilikuona wewe ni mkono wangu," Rula akasema, na sauti ile tuliyoizoea ikitukemea ilikuwa inakatika. "Nani anaushukuru mkono wake? Usiende, mwanangu. Nakuomba. Ndani mle bila wewe sitaweza."

Nililia wazi, sikujificha. Rula wetu, aliyekuwa akitufundisha kwamba ya nyumbani yaishie nyumbani, alikuwa ameyamwaga juu ya mapaa ya watu wote. Spika zikazimwa, na hatukujua ameitikiwa nini.

Mkwe alitangulia kurudi. Alipita akiwa ameinamisha uso, akaingia ndani. Baadaye kidogo Rula alisimama mbele yangu.

"Pima unga," akaniambia. "Na maharage. Kama wa wenzake, usipunguze."

Vyakula vya ushirika tulikwisha kuvigawa, kwa hiyo nilipima kutoka kwenye debe langu. Alijitwika mfuko mwenyewe. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua chache tu, lakini alizunguka kwa barabara kubwa, jua la mchana likimwangalia, akamsalimu kila aliyemkuta. Kisha akasimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, ule ambao ufunguo wake alikuwa nao kiunoni, akabisha.

"Hodi kwa mwalimu!"

Nilisimama barabarani nikitazama. Mlango ukafunguliwa. Sanduku lilikuwa limesimama pale pale mlangoni, limefungwa kamba, na hapakuwa na nafasi ya mtu mwenye mzigo kupita.

"Karibu, Mama," binti akasema, akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka chumbani.